Msibani tunajaa, Jumatano hatuonani

Ukitaka kuona jinsi watu wa Mbeya wanavyojua kukusanyika, nenda msibani. Kabla jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye Kirikuu, daftari la rambirambi limepata wa kulishika, kina mama wameshagawana nani achambue mchele na nani asimamie sufuria la ugali, na vijana wako makaburini na sululu. Harusi nayo ni hivyo hivyo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, ahadi, vikao vya kila Jumapili, kadi ya mmoja na kadi ya wawili. Hayo tunayaweza sana.

Kinachotushinda, hasa tunaoishi mijini huku nyanda za juu kusini, iwe Mwanjelwa, Ilomba, Uyole, Kihesa ya Iringa au Mafinga mjini, ni Jumatano ya kawaida isiyo na msiba wala harusi. Mtu amelipa michango yote ya mwaka, yumo kwenye magrupu saba ya WhatsApp, jina lake liko kwenye daftari la kufa na kuzikana, na bado hana hata mmoja wa kumwambia "mwenzangu, wiki hii silali." Akifa tutajaa. Akiwa hai anakula chakula cha usiku peke yake huku anaangalia simu.

Andiko hili ni la hiyo Jumatano. Hoja yangu ni moja: kinacholinda afya ya mtu ni kuonana na watu wale wale wachache, mara kwa mara, bila sababu kubwa. Na jambo hilo linahitaji kupangwa kama tunavyopanga harusi, kwa sababu lisipopangwa halitokei.

Kwanza tuondoe ile kauli ya kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya tume yake ya mahusiano ya kijamii Juni 2025. Inasema mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, na inakadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo takribani 871,000 kwa mwaka. Linalopaswa kutushtua sisi ni hili: katika nchi za kipato cha chini waliosema wana upweke walikuwa karibu asilimia 24, na katika nchi tajiri karibu asilimia 11. Na wanaoumia zaidi ni vijana, wala si wazee kama tunavyodhani. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepanga chumba Iyunga na yule mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya kata huko Makete wamo kwenye hesabu hiyo kuliko bibi yako wa Tukuyu anayepitiwa na wajukuu kila asubuhi.

Upweke unaumizaje? Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu 308,849, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka saba na nusu. Wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai mwisho wa ufuatiliaji, kwa asilimia 50. Sehemu ya maelezo iko mwilini: mpweke hulala usingizi wa kukatika, presha hupanda, homoni za msongo hazishuki inavyotakiwa. Sehemu nyingine ni ya kawaida kabisa. Mtu mwenye wenzake anaambiwa "mbona mguu umevimba, kapime", anakumbushwa dawa za presha zilizoisha, anaonwa mapema kwamba amekonda. Asiye na wenzake hufika hospitali amechelewa.

John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyetafiti upweke kwa miaka mingi mpaka alipofariki 2018, alionyesha jambo lingine ambalo kila mtu anayetaka kumsaidia mpweke anapaswa kulijua. Upweke ukikaa sana humfanya mtu awe na tahadhari kupita kiasi. Asiposalimiwa anaona amedharauliwa, akialikwa anahisi kuna jambo nyuma yake, akichekewa anadhani anachekwa. Basi anajitenga zaidi. Ndiyo maana kumwambia "toka bwana, changamka" hakumsaidii kitu. Anayehitaji kutoka ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kubaki ndani.

Na tujisemee ukweli kuhusu nyumba. Mtu akianza maisha anapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi: bomba moja, kamba moja ya kuanikia, choo cha zamu, luku ya kuchangia. Anagombana na mama fulani kuhusu nani hajapiga deki, lakini asipotoka chumbani mpaka saa nne mtu anagonga. Akipata pesa kidogo anahamia chumba na sebule chenye choo ndani, baadaye nyumba nzima yenye uzio na geti. Kila hatua ni maendeleo, na kila hatua inamwondolea mahali pa kukutana na watu bila kukusudia. Simlaumu anayehama, hakuna anayependa foleni ya choo. Nasema tu kwamba aliyehamia nyuma ya geti lazima atengeneze kwa makusudi kile ambacho bomba la uani lilimpa bure.

Sasa, urafiki unachukua muda gani? Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti aliofanya kwa watu wazima waliohamia mji mpya na kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani watu wanaofanana kabisa na mtumishi aliyehamishiwa Njombe. Alikadiria kwamba inachukua saa kama 50 za kuwa pamoja mtu unayemfahamu tu aanze kuwa rafiki wa kawaida, saa kama 90 awe rafiki kweli, na zaidi ya 200 awe rafiki wa ndani. Tena saa za kufanya kazi pamoja ofisini hazikuhesabika sana; zilizohesabika ni za kula, kucheza, kupiga soga.

Piga hesabu. Mkikutana saa mbili kila wiki, saa 50 zinatimia baada ya wiki 25, karibu miezi sita. Saa 200 ni wiki 100, miaka miwili. Mkikutana mara moja kwa mwezi, hizo 200 zinakuwa miaka minane, na kabla ya hapo mmoja wenu ameshahamishwa. Hesabu hii ndiyo inayonifanya nisisitize wiki, siyo mwezi. Vikundi vingi hapa vinakutana mwisho wa mwezi kwa sababu ndipo mshahara unapoingia, halafu watu wanashangaa miaka minne imepita na bado wanaitana "mjumbe".

Watu wangapi? Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, ndiye aliyeleta ile namba maarufu ya 150, idadi ya watu ambao mtu anaweza kuwa nao kwenye mahusiano ya kweli. Ndani yake ana duara la karibu watano, ambao ndio unaowakimbilia likikupata jambo, na jingine la karibu 15. Msiba unakusanya wale 150. Kikao ninachokisema ni cha wale watano, kikizidi sana saba. Wakifika wanane, mazungumzo yanakatika vipande viwili chumba kimoja, na mwenye haya anapata pa kujificha. Wakiwa watatu, mmoja akiumwa na mwingine akisafiri hakuna kikao. Anza na sita.

Chagua kwa umbali kabla ya kuchagua kwa tabia. Najua hilo linasikika vibaya, lakini mtu mzuri sana anayeishi Mbalizi wakati wewe uko Uyole atakuja mara tatu. Mvua za huku zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, Tukuyu hata zaidi, na hupenda kunyesha alasiri. Kikao kinachohitaji bajaji hufa Januari. Weka kipimo cha dakika 15 kwa miguu, gumboti na mwavuli zikihusishwa. Baada ya umbali angalia ratiba: wauza duka wa Kabwe hawafungi kabla ya saa moja usiku, manesi wana shifti, wakulima wa viazi wa Uporoto hawapatikani siku ya kuvuna. Tabia iwe ya tatu. Mtu mmoja anayependa kukosoa mnaweza kumvumilia, wawili hapana.

Usialike kwa kusema "tuanzishe kikundi". Hilo neno kwa Mtanzania maana yake katiba, kiingilio na mkopo wa halmashauri, na mtu anaanza kuuliza faida. Alika kwa chai, mmoja mmoja, kwa mdomo: "Mama Upendo, Jumapili saa kumi na nusu njoo kwangu tunywe chai, watakuwepo na dada Tuma na mzee Mwakyusa wa kona." Wape majina ya watakaokuwepo, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi anataka kujua anaingia wapi. Waambie na muda wa kumaliza. Mwaliko usio na mwisho humtia hofu mwenye watoto wadogo. Siku hiyo wakiondoka, sema hapo hapo mlangoni: "Wiki ijayo tena, saa ile ile." Ukisubiri kuandika kwenye simu Alhamisi, imeshapoa.

Muda unaofaa kwa nyumba nyingi za huku ni Jumapili saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu. Ibada imekwisha, mchana umeliwa, na watu wanafika kwao kabla giza halijawa zito. Juni na Julai, baridi inapokuwa kali hasa Uyole na Makete, rudisheni nyuma kwa saa nzima na mkae jikoni kwenye jiko la mkaa badala ya sebuleni. Acheni dirisha au mlango wazi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu.

Kuhusu chakula naomba tuelewane, maana hapa ndipo vikao vingi vinapokufa, na vinakufa kwa ukarimu. Wiki ya kwanza mwenyeji anatoa chai na viazi vya kuchemsha. Wiki ya pili mwenyeji anaona aibu kutoa vile vile, anaongeza chapati. Wa tatu anaweka mayai na soda. Wa nne anapika pilau. Wa tano ni mama anayelea watoto wanne kwa genge la nyanya; zamu yake inapofika anasema anaumwa, wiki inayofuata amesafiri, na hatumwoni tena. Hakuna aliyemfukuza. Pilau ndiyo iliyomfukuza. Kwa hiyo sheria iwekwe siku ya kwanza, na iwekwe na yule mwenye uwezo kuliko wote ili isionekane ni ya kumhurumia mtu: chai ya rangi na kitafunwa kimoja cha shambani, basi. Anayevunja kwa kuongeza anatozwa utani wa wiki nzima.

Kwa watu sita, vikombe viwili kila mmoja, chai ni lita tatu. Chemsha maji lita tatu na nusu kwa sababu mengine yatapotea kwa mvuke. Majani vijiko vitatu vya chakula, ya Rungwe au Mufindi, yapo tele na ni yetu. Tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, iponde, itangulie kuchemka dakika tano kabla ya majani. Sukari ikae pembeni kwenye bakuli, kila mtu ajiwekee, kwani kwenye kila watu sita wa umri wa makamo yupo anayeogopa kusema ana kisukari. Kitafunwa: viazi mviringo kilo moja na nusu vya kuchemsha na maganda, au magimbi, au ndizi, au mahindi mabichi ya kuchoma msimu wake ukifika. Chumvi na pilipili mezani. Mkiwa na chupa ya chai ya lita tatu itembee pamoja na zamu, ili asiyekuwa nayo asilazimike kuazima kwa jirani.

Zungusheni nyumba, msikae kwa mtu mmoja. Anayekaribisha kila wiki huchoka kimya kimya, na wengine hubaki wageni daima. Lakini mwenye mume mkali, au anayeishi chumba kimoja na wagonjwa, asilazimishwe. Zamu yake afanyie uani kwa mwenzake, alete viazi.

Mkishakaa, mnaongea nini? Chochote. Bei ya mbolea, mtoto aliyefeli, Mbeya City imecheza vipi Sokoine. Sipendi vile vikao ambapo mtu anasimama kusema "leo mada yetu". Mpango mmoja tu naona unafaa: kabla ya kumaliza, kila mmoja aseme kwa dakika mbili jambo moja lililomwelemea wiki hiyo, wengine wasishauri mpaka aseme anataka ushauri. Mwanzoni watu watasema "mimi niko salama tu, namshukuru Mungu." Iacheni ipite. Kwa kawaida huwa ni mtu mmoja anayefungua, tena kwa jambo dogo, na baada yake wengine hufuata. Ikiwa wiki kumi zimepita na bado wote mko salama tu, jiangalieni kama hakuna mmoja anayepeleka maneno nje.

Umbea ndio sumu ya pili baada ya pilau. Kilichosemwa Jumapili kikisikika sokoni Sokomatola Jumanne, kikao kimekwisha hata kama watu wataendelea kuja kunywa chai. Dawa yake ni mmoja wenu kumfuata aliyekipeleka nje, siku hiyo hiyo, faraghani: "Dada, lile la Mama Upendo limefika kwangu likitoka nje. Lirudi ndani." Msilijadili mbele ya wote, utakuwa umeongeza mkutano wa umbea juu ya umbea.

Sumu ya tatu ni pesa, na hapa najua nitabishiwa. Vikoba, upatu, mchezo, vimewasomeshea watu watoto, sivipingi. Pia pesa inawafanya watu waje. Mtu anayekosa chai hana anachopoteza, anayekosa marejesho ana faini. Shida iko kwa aliyeshindwa. Chunguza mtaani kwako ni nani anayepita njia ya nyuma ya shule badala ya barabara kuu: mara nyingi ni mtu anayedaiwa na kikundi. Deni la elfu hamsini limemkata na watu ishirini kwa siku moja, tena wakati ambao anawahitaji kuliko siku zote, kwa sababu hakuacha kulipa kwa raha. Kwa hiyo duara la chai lisiwe na daftari. Kama wale wale sita wako pia kwenye mchezo, siku ya mchezo iwe nyingine na mahali pengine, na mkubaliane mapema kwamba aliyekwama huku bado anakaribishwa kule. Likitokea, mmoja amwendee kabla hajajificha, ndani ya siku tatu, amwambie kwa maneno yaliyonyooka kuwa Jumapili anasubiriwa.

Simu sitazisemea sana. Zikae mfukoni, anayesubiri simu ya mgonjwa aseme mapema.

Kabla ya kuanzisha lolote jipya, angalia kama hujakaa juu ya kitu ambacho tayari kipo. Nyanda za juu kusini kuna jumuiya za makanisa karibu kila mtaa, Wakatoliki, Walutheri wa Iringa na Njombe, Wamoravian ambao wako Rungwe tangu 1891. Misikiti ina darsa zake. Hizo zinakutana kila wiki, jirani, nyumba kwa nyumba, vigezo vyote vipo. Kinachozipunguzia nguvu ni ajenda: sala, tangazo, mchango wa ujenzi, mchango wa mgonjwa, kila mtu kwake. Urafiki hautoki kwenye ajenda. Fika dakika 20 kabla umsaidie mwenyeji kupanga viti, na usiondoke na kundi la kwanza. Bakia dakika nyingine 20 kuosha vikombe. Dakika 40 hizo kila wiki ni zaidi ya saa 30 kwa mwaka, na hukuongeza siku wala nauli.

Huku kwetu hili la kukaa na marika si geni. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliokaa Rungwe kati ya 1934 na 1938 waliandika jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyokuwa wakianza kujenga vibanda vyao pamoja wakiwa na umri wa miaka kama kumi, wakila kwa zamu kwa mama wa huyu na wa yule, na baadaye kuleta wake zao hapo hapo, mpaka kikawa kijiji cha watu wa rika moja. Ukikitazama vizuri kina mambo yale yale: jirani, kila siku, kula kwa zamu. Uhaba wa ardhi na mazao ya kudumu kama kahawa vilikimaliza. Lakini nisikipambe mno, kwa sababu wanawake waliolewa wakaingia kwenye marika ya waume zao na kuacha ya kwao, na hali hiyo bado ipo. Bibi harusi aliyetoka Ludewa kuja kuishi kwa wakwe Mbozi ni mmoja wa watu wapweke kuliko wote ninaoweza kuwataja, katikati ya nyumba yenye watu tisa. Ukiwa na jirani wa namna hiyo, mwombe mama mkwe ruhusa kwa heshima zake zote, "Shikamoo mama, naomba mkamwana anisindikize gengeni", mpaka izoeleke.

Wanaume ni habari nyingine. Ukiwaita sita wakae kwenye kochi waseme ya moyoni, hawatakuja, au watakuja wazungumzie siasa mpaka giza. Wanaume wengi huzungumza wakiwa wanafanya kitu, macho yako kwenye kazi. Wapeni kazi: kupalilia shamba la mmoja wao kwa zamu Jumamosi kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kuezeka banda, kutembea mguu mpaka juu ya mlima Loleza, drafti. Kijiwe cha kahawa kinafaa pia, mradi watu wawe wale wale. Kilabuni naona tahadhari, na ninajua msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Iringa jinsi ulivyo. Tatizo la kilabu ni kwamba anayeacha pombe anapoteza na marafiki siku hiyo hiyo, kwa hiyo anarudi. Kama ndiko mlikozoeana, ongezeni siku moja ya kukutana pasipo na kopo.

Kuna mtu ambaye hata haya yote hayamfikii, aliyejifungia. Alikuwa anauza mboga, haonekani, kanisani haji, simu haipokei au anajibu kwa neno moja. Usimwendee na kundi, wala na maombi ya sauti kubwa uani majirani wakisikia. Nenda peke yako, mchana, na kitu kidogo mkononi, mafungu mawili ya mboga yanatosha. "Hodi hapa." Akisema karibu, usikae zaidi ya dakika 15, hata kama mazungumzo yamenoga. "Nimepita tu kukuona, nitapita tena Alhamisi." Halafu Alhamisi uende. Hiyo ya pili ndiyo yenye kazi, kwa sababu ya kwanza kila mtu huifanya. Na usiogope kwamba unamsumbua: Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba tunaowatafuta watu tuliopotezana nao hudharau sana kiasi ambacho wenzetu wanafurahia, na furaha huwa kubwa zaidi pale ambapo hawakutarajia.

Akianza kusema, tumia njia ya bibi wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, kitongoji cha Mbare mjini Harare, kuwafundisha bibi wa kawaida kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lao lenye watu 573 lilichapishwa 2016, na waliokaa na bibi walikuwa na dalili pungufu baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanachofanya si cha ajabu: wanasikiliza shida zote bila kukatiza, wanamwacha mtu achague moja tu, wanatafuta naye hatua moja ndogo ya kufanya kabla ya kuonana tena. Kama shida ni deni, ugomvi wa ndoa na mtoto mtoro, na amechagua mtoto, basi hatua ni kwenda shuleni Jumatatu kumwona mwalimu wa darasa. Siku ya pili unauliza hilo tu.

Upweke na sonona havifanani, ingawa vinaitana. Mtu akikaa wiki mbili mfululizo bila raha ya kitu chochote, halali au analala kutwa, hali, anajilaumu kwa mambo yasiyo yake, chai haitoshi. Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya rufaa, na umsindikize mwenyewe mpaka mlangoni. Ukihofia anafikiria kujidhuru, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Dawa za kunyunyizia viazi na nyanya zitolewe nyumbani kwake siku hiyo hiyo, zikafungiwe kwa mtu mwingine, na asiachwe peke yake usiku.

Tuseme sasa kikao kimekaa vizuri mwaka mzima. Mmoja atahamishwa, huku hakuna anayekaa mahali milele, walimu na manesi hasa. Msijaze nafasi yake wiki inayofuata. Mpeni miezi mitatu ya kumpigia simu Jumapili saa kumi na moja, weka spika, dakika kumi, ili aendelee kusikia vikombe vinagongana mpaka apate watu wake huko Songea au Sumbawanga. Na kama badala ya kupungua mmeongezeka, kwa sababu kila mtu alimleta shemeji yake, basi mkifika wanane mgawanyike. Gawanyeni kwa barabara, wa juu na wa chini, wala msigawanye kwa nani anapendana na nani, na chupa ya chai ibaki kwa wale wasiokuwa nayo.